Hisa Hazina Zamu

Jumapili, Mtoni. Mvua imekatika mchana, uani bado matope, na moyo wangu haujatulia tangu nitoke kwenye kikao cha upatu.

Leo nimesikia sauti ya mtu wa Tanga ikitoka hewani.

Mwezi huu zamu ya kupokea upatu ni yangu, na wenzangu wote wanajua nataka cherehani. Tangu kiwanda cha nguo kiuzwe na sisi kupunguzwa kazi, wanangu wanakula kwa vitumbua ninavyouza, na vitumbua havijawahi kutosha ada ya shule. Basi tumekaa barazani kwa Bi Mwajuma, kijumbe wetu anayekusanya michango, akaingia Shebe, mtoto wa marehemu kaka yake. Shebe ni dereva wa mkurugenzi mmoja mjini. Bosi amesafiri, simu yake ya mkononi imebaki kwa dereva. Akasema kampuni yenye simu hizi zisizo na waya itauza hisa, na atakayewahi ataona bei ikipanda mpaka ashangae.

Hatukumwamini. Huyu huyu alishatuletea vifaranga wa kisasa, wakafa wote. Ndipo akabonyeza namba ya dukani kwa baba yake mkubwa, Tanga, akamkabidhi shangazi yake simu.

Bi Mwajuma hakuiweka sikioni kwanza. Alijitanda khanga vizuri, akafunika nywele zote, kisha akasema, "Shikamoo, kaka."

Marahaba ikatoka humo, safi kabisa, na sie tumekaa Mtoni. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Mara tukaanza kuipandisha bei ya hizo hisa. Mmoja anasema itapanda mara mbili, mwingine anasema mara kumi. Mama Neema, mwenyeji wa Moshi, akatukumbusha kahawa ya baba yake ilivyopanda ikaja kushuka. "Hii nayo itashuka," akasema.

"Itashuka siku watu wakiacha kuongea," Bi Mwajuma akamjibu. "Wewe unaweza?"

Tulicheka, maana Mama Neema hawezi.

Kisha kijumbe wetu akataka mambo yaende kwa utaratibu. "Haya Shebe, tukiingia sie wote, wa kwanza kupokea nani?" Tukaanza kugombea zamu palepale. Mama Neema alitaka ya kwanza, mimi nikadai ya pili, nusura tununiane. Shebe akasubiri tumalize.

"Shangazi, hisa hazina zamu. Bei ikipanda, mnapanda wote siku moja. Ikishuka, hakuna kijumbe wa kumwendea."

Hapo nikaogopa.

Kiwandani walituambia ile ni mali yetu sote. Kilipouzwa, hakuna aliyeniuliza hata kuhusu kidonge kimoja cha uzi. Sasa Shebe anasema safari hii kipande kinaandikwa jina lako, hata ukiwa muuza vitumbua. Hilo limenistaajabisha kuliko ile simu yenyewe. Mtu kama mimi, mwenye kampuni.

Wakati wa kuondoka nilimwuliza Shebe pembeni kama sauti inafika Newala, kwa mama yangu.

"Bado, dada. Ila itafika."

Nimeamua, na naandika ili nisije kugeuka. Pesa ya upatu ni ya cherehani, kwa sababu watoto hawawezi kula bei ya kesho. Lakini gauni la kwanza nitakaloshona, malipo yake hayataguswa. Yatanunua hisa, hata iwe moja, kwa jina la mama. Ikishuka, na ishuke. Siku sauti yangu itakapofika Newala, nataka ipite kwenye kitu ambacho mama ana kipande chake.

Khanga ya kujitanda siku hiyo nimeshaichagua.