Kamba za Kumshushia Mzee Ndambiri

Siakago, Embu,
12 Mei 2025.

Mpendwa dada Felicitas,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Doha, wewe na wagonjwa wako. Joto mnalivumiliaje? Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mvua imenyesha vizuri, ndengu zimeshika, na goti la mke wangu Ruguru limepungua kuuma.

Najua majonzi ya mzee wetu hayajakutoka. Pole tena.

Ningekupigia simu, lakini kila nikikupata naishia kwenye habari za ndengu. Mdomo umenishinda, acha kalamu iseme.

Nimesikia kwamba siku ya mazishi, ukitazama kwenye simu, uliwaona wabebaji wakigeuza nyuso na mmoja wao, Gedion, akijiziba pua jeneza likishushwa. Nimesikia pia ulimuuliza kaka yako Antony ni mochari gani ya bei rahisi alimweka baba yenu mpaka akaharibika, na tangu hapo hamsemezani. Felicitas, mzee hakunuka. Zilizonuka ni kamba.

Kamba za kushushia jeneza ni za kikundi cha kanisa, nami ndiye mtunzaji. Zilikuwa zimekaa bure, nikaona si vibaya kumfungia fahali wangu. Zikalala zizini, zikalowa mkojo na samadi. Habari za msiba zilipofika nilishikwa na hofu. Nikazisugua harakaharaka kwa sabuni ya unga, na kwa kuwa mvua haikukatika, nikazikunja mbichi hivyohivyo na kuzificha ndani ya gunia. Humo zikavunda. Nilipolifungua pale kaburini, nilijua nimekwisha. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Kwani ni nini inanuka hivyo?" Nikainama, nikaimba kwa sauti kuwashinda wanakwaya.

Wahenga husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Safari hii maiti hakuwa na aibu yoyote. Aibu ni ya mwosha kamba, na nimemwachia marehemu aibebe. Hilo linanikosesha usingizi.

Nimeziosha upya. Nilifungua mafundo yote, nikaziloweka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikazipiga brashi, nikazisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Kisha nikazitandaza barazani upepo unapopita, nikizigeuza zisibaki na unyevu ndani. Ruguru alinikuta nikizinusa, akaenda zake. Ziko safi sasa, lakini za kumshushia mzee hazitakuwa tena.

Jumapili nitasimama mbele ya kikundi niseme yote, wakitaka wampe mwingine kazi hiyo. Kwa Antony nilikwenda jana. Nilitarajia anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini palepale kwenye majani mabichi.

"Kumbe si baba?" akaniuliza. "Hata mimi nilidhani ni yeye."

Ndiyo maana hakukujibu, dada. Hakuwa na kiburi. Usihangaike kunisamehe mimi kwanza, mpigie yeye.

Wasalimie Kinya na wenzako wengine wa chumbani. Ruguru na shangazi Ciakuthii wanakusalimu sana. Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako, akurudishe nyumbani salama, nikupeleke kaburini kwa mzee mimi mwenyewe.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata nikiwa na haya,
Nyaga.