Siku Niliposimamisha Muziki Nyamasaria

Kisumu,
Jumatatu asubuhi

Mke wangu Wakesho,

Habari za huko milimani? Barua hii ikikukuta mzima, na kikohozi cha baridi kimekuacha, nitashukuru. Mimi sijambo. Homa ilinilaza siku tatu, ikapita. Chai nachemsha mwenyewe. Bado kwa mazoea naweka vikombe viwili mezani, kisha narudisha kimoja.

Kaka yako ameniandikia kwamba Mama sasa anakwenda shambani kwa miguu yake. Ulikwenda kumuuguza, na umemuuguza vizuri. Barua yako ya mwisho ilieleza mvua, mbuzi na mahindi. Juu ya kurudi haikusema neno. Sikulaumu. Nakumbuka ulichoniambia stesheni: "Nimekaa Kisumu miaka miwili, na hakuna anayenijua jina." Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa leo Sondu, kesho Luanda Kotieno, nikiandika majina ya watu wengine.

Karibu na ofisi yetu ya gazeti kuna duka la santuri, na mwenyewe ameweka spika barazani. Mchana, badala ya kurudi kwenye nyumba tupu, nasimama hapo. Mwanzoni nilifuata kivuli tu. Siku moja akaweka sahani ya santuri kutoka Kuba: tarumbeta mbili, moja inauliza, nyingine inajibu, na chini yake ngoma ambayo hata wewe ungesema imetoka Pwani. Tangu hapo amenipigia za Meksiko na za Brazili, hata bendi ya wachimba makaa wa Uingereza, wanaume wanaopuliza taratibu kama watu walio kwenye sala. Baba yako, na ile tarumbeta yake ya kanisani, angesimama pale mpaka duka lifungwe.

Hapo ndipo nilipokutana na Ogutu, fundi wa baiskeli anayepiga tarumbeta. Hanunui kitu. Anasimama, vidole vinabonyeza paja, kisha anaondoka na wimbo mzima.

"Omera, ndugu yangu, mimi nanunua na masikio," aliniambia. "Kuja Nyamasaria Jumapili mchana, uone kama Kuba iko mbali."

Nilikwenda huko Nyamasaria, nje kidogo ya mji. Ukumbi wao ni wa mabati, na akina mama walikuwa wametoka ibadani, vitabu vya nyimbo bado mikononi. Bendi ilikuwa na tarumbeta mbili, tromboni moja iliyopinda, na ngoma. Wakaupiga wimbo ule wa Kuba, wakaupiga sawasawa, isipokuwa tarumbeta ya kujibu ilijibu kitu kingine kabisa. Nilitaka kujua Ogutu alikitoa wapi. Nikainua mkono, kama ninavyofanya kwenye mikutano ya mkuu wa wilaya.

Muziki ukakatika.

Sikuwa najua. Wajaluo wana desturi wanayoiita pakruok. Anayeinua mkono anausimamisha muziki, anawapa wapigaji sarafu, halafu anajisifu na kuwasifu watu wake mbele ya wote. Sarafu nilitoa. Maneno sikuwa nayo.

"Bwana Gazeti amesimamisha!" Ogutu akaita. "Sema! Wewe nani?"

"Mimi ni mwandishi wa habari, na..."

"Hiyo ni kazi!" akadakia mama mmoja muuza samaki, aliyekaa mbele. "Hata punda iko na kazi! Watu yako ni nani?"

Ukumbi ukacheka. Kwa miaka mingi nimewauliza watu swali hilo, sijawahi kulijibu. Nikasema kwa sauti, "Mimi ni mume wa Wakesho, wa milima ya Taita. Anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, anaimba, na pumzi haimwishi!"

"Nyar Taita!" wakapiga kelele. Yaani binti wa Taita. Ukumbi mzima ukarudia.

"Na yuko wapi?" yule mama akauliza.

"Kwao."

"Amekukimbia?"

"Sijui," nikasema. Sina desturi ya kusema zaidi ya ninachojua.

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mama akanitazama kidogo. "Basi mwandikie, Bwana Gazeti. Si ndiyo kazi yako?"

Ogutu akarudi kwenye wimbo. Alipiga ile sehemu ya kuuliza, akainyamazia ya kujibu.

Tangu siku hiyo sivuki soko bila kusimamishwa. Muuza samaki, fundi viatu, hata mleta barua: "Nyar Taita amejibu?" Jina langu hawaliulizi. Lako wanalijua.

Nisalimie Mama, na umwambie jembe asilishike kabla umande haujakauka. Msalimie kaka yako, aliyeniandikia wakati wengine wamenyamaza, na wifi yako, mkewe. Baba yako mpe heshima zangu, yeye na tarumbeta yake.

Ndani ya kifurushi hiki kuna ile sahani ya Kuba. Nimeifunga kwa magazeti ya zamani, ishike ukingoni. Najua hapo nyumbani hamna gramafoni. Nimenunua moja. Iko hapa mezani, kando ya kikombe cha pili.

Mumeo,
Mwadime