Siku Tuliyomsalimia Shefu

Papa wangu mwenye mikono ya simenti,

Nina habari ya kukuchekesha. Hapa nyumbani nimeshaisimulia mara nyingi mpaka Mama ananiambia nipunguze, basi nakuandikia wewe usiyeweza kuninyamazisha. Ni miaka miwili tangu tukuzike na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Usinikasirikie. Sikuwa na cha kukuambia isipokuwa kilio, na kilio wewe hukukipenda.

Unakumbuka Jumapili zetu? Kutoka kwetu Majengo mpaka kanisani ni mwendo wa dakika kumi, lakini pamoja nawe ilikuwa saa nzima. Hukuweza kumpita mtu bila kumshika mkono: muuza makala ya kupikia, mama wa mandazi, hata yule jirani mliyegombana naye juu ya mfereji. Ulikuwa unapakia magari kwenye depo ya simenti, na vumbi lile halikukutoka hata ukioga mara ngapi, kwa hiyo nusu ya mtaa walifika misani na viganja vyeupe. Mimi nilisimama pembeni na gauni langu, nimenuna. Na siku ile ya kwenda Kalengera kwa nyanya, dereva alipiga honi mara tatu, wewe bado unasalimia abiria mmoja mmoja. Nikakuvuta koti. Ukaniambia bila hasira, "Mutu akikushika mukono, usimunyanganye kabla hajamaliza kusema." Nilikuwa na miaka tisa, nikaona huo ni ugonjwa.

Sasa sikia. Mwaka jana nilipata kazi kwenye kampuni moja ya teknolojia hapa Goma. Tunaangalia picha za barabara za nchi za mbali kwenye kompyuta na kuzungushia kila kitu alama: hili gari, huyu mtu, ile hatari. Wanasema mashine inajifunza kuona kupitia macho yetu. Kazi ni chache siku hizi, kwa hiyo nilipotia sahihi mkataba Mama aliimba jikoni mpaka majirani wakaja kuuliza.

Lakini mahali penyewe, Papa! Tuko watu arobaini ndani ya ukumbi mmoja, madirisha yamepigiliwa misumari ili vumbi lisiingie kwenye mashine. Tulikaa kwenye mabenchi yasiyo na pa kuegemea. Ufunguo wa choo ulikaa mfukoni mwa msimamizi wetu, Shefu Crispin, na ukiuomba aliandika saa uliyotoka. Maji ya kunywa, marufuku. Kusalimiana pia marufuku, kwa sababu mkono ukitulia dakika mbili kioo cha kompyuta kinageuka chekundu na shefu anakuja. Majina yetu hakuna aliyeyatumia. Mimi nilikuwa Kumi na Mbili.

Siku moja wakatuletea picha za mji fulani wa baridi. Katikati ya barabara kulikuwa na mashimo yenye vifuniko vya chuma, na kitu cheupe kinafuka kutoka chini. Wewe ungefanya nini? Mtu wa Goma, aliyekulia chini ya volkano, akiona moshi unatoka ardhini hajiulizi mara mbili. Niliweka alama ya hatari kubwa kabisa. Kumbe wote arobaini, kila mmoja peke yake, bila kusemezana hata neno, tumeweka hiyo hiyo. Picha zote zikarudishwa na matusi ya adabu: ulikuwa mvuke tu wa mabomba ya kupasha nyumba joto. Leo tukiikumbuka tunashika mbavu. Siku ile hatukucheka, maana shefu alifuta mapumziko ya mchana mpaka kazi yote irudiwe.

Mchana wa pili wa adhabu hiyo, dada aliyekaa kulia kwangu alianguka chini kwa kiu na joto. Tulimbeba, mimi na mwenzangu mmoja, mpaka kituo cha afya. Muganga akafungua daftari, akauliza, "Jina yake nani?" Papa, miezi saba tumekaa bega kwa bega, na sikulijua. Nikasema, "Ni Kumi na Moja." Muganga alinitazama kama mtu aliyemuokota huyo dada barabarani. Haya niliyoiona siku ile sijawahi kuiona maishani. Alipozinduka alijitaja mwenyewe: Furaha. Ana watoto wawili na anakaa barabara ya pili kutoka kwetu.

Kesho yake niliingia ukumbini, nikaenda benchi la kwanza, nikanyoosha mkono. "Jambo. Jina yako nani? Muko wazima nyumbani?" Nikaenda la pili. Vioo vikaanza kuwa vyekundu, shefu akaja mbio.

"Wewe Kumi na Mbili, unafanya nini?"

"Nasalimia, shefu. Nikimaliza nitakaa."

Nyumbani ni mimi peke yangu mwenye kazi, na yeye alilijua hilo. Akanipa mpaka kesho asubuhi nilete barua ya kuomba msamaha, la sivyo nisikanyage pale tena.

Tulipotoka wenzangu walinizunguka getini, kila mmoja na lake. Furaha naye alikuwa amekuja, midomo bado mikavu, na ndiye aliyesema, "Basi kesho tumusalimie yeye."

Asubuhi shefu alisimama mlangoni akiningojea nilete hiyo barua. Nikanyoosha mkono. Naye ni mtoto wa watu, amelelewa na mama yake upande wa Bukavu, hakuweza kuukataa. Nikaushika vizuri. "Jambo shefu. Miye ni Solange. Habari ya mama na batoto? Barua sina. Naomba ufunguo ya choo ikae kwa musumari, pahali kila mutu anaiona." Nikamwachia, na Furaha akaudaka mkono. "Miye ni Furaha, ule mwenye alianguka. Habari ya nyumba, shefu? Naomba maji." Akaja Bahati na habari ya madirisha. Akaja Patient, mkubwa wetu kwa umri: "Shefu, mugongo yangu ndiyo inakusalimia. Inaomba pa kuegemea."

Watu arobaini, Papa. Hakuna aliyepandisha sauti, hakuna aliyesahau kuuliza watu wa nyumbani. Kila shefu alipotaka kuuvuta mkono alikuta mtu bado anasema, na kumnyang'anya mtu mkono katikati ya salamu, hilo lilimshinda. Kwa mtu wa ishirini alikuwa anatoka jasho. Kwa mtu wa thelathini alianza kucheka, na sisi kwenye mstari tukacheka. Wa mwisho, baada ya sisi arobaini, alikuwa mama anayefagia ukumbi. Yeye alisema hana ombi. Alitaka tu kusalimia, kwa sababu tangu aanze kazi pale hakuna aliyewahi kumshika mkono. Hapo shefu hakucheka tena.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekuwa kizuri. Kazi bado inachosha macho, na mabenchi ni yale yale, ila fundi ameyapigilia mbao za kuegemea. Lakini ufunguo uko kwenye msumari, bidoni ya maji iko mlangoni, madirisha mawili yanafunguka, mapumziko yamerudi. Barua ya msamaha haikuulizwa tena. Na wiki iliyopita wenzangu wamenichagua niwasemee kwa wakubwa, mimi niliyekuwa naficha uso nyuma ya koti lako.

Shefu aliposikia hivyo aliniita ofisini, kwenye biro yake. Nilidhani sasa ndipo ananifukuza. Akaniambia nikae, akaniuliza, "Solange, wewe uko mutoto ya nani?"

Papa, tangu tukuzike sikuwa nimelitaja jina lako. Hapa kwetu tunasema "marehemu", tunasema "muzee", tunaogopa kumliza Mama. Nilifungua mdomo nikijua nitalia. Nikalitaja lote, la ubatizo na la kwenu Kalengera, na depo uliyofanyia kazi, na mtaa uliokufahamu. Sikulia. Nilikuwa nacheka peke yangu mbele ya shefu, nina furaha mpaka nikaona haya.

Nakuacha hapa, Mama ananiita mezani. Barua hii nitamsomea kabla ya chakula, na nitaanza na jina lako.

Ni mimi, binti yako wa pili