Kadi Ambazo Hukuziacha Wazi

Mpendwa Nyar Ndhiwa,

Binti wa Ndhiwa: ndivyo nilivyokuita kila asubuhi katika ile zahanati ya Homa Bay, nawe ukiniita mzee kwa Kijaluo na kunijibu, "Jaduong', kompyuta yako imeamka vizuri, lakini mimi bado siiamini." Wewe ulikuwa karani wa mapokezi. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kadi za wagonjwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa lugha mpya niliyojifunza kitabuni na kujivunia kupita kiasi.

Nilikueleza uzuri wake tukinywa chai. Katika lugha za zamani, mwandishi wa programu alirudisha mwenyewe kila kipande cha memori alichotumia. Katika hii, mfagiaji aliye ndani ya lugha yenyewe hupita na kuzoa kila kitu kisichoshikwa tena na yeyote. Kitu kinaweza hata kuachiwa agizo la mwisho, litekelezwe kabla hakijazolewa. Humo ndimo nilimoandika: funga faili ya kadi.

"Na huyo mfagiaji huja saa ngapi?"

"Huja mwenyewe."

"Hata shemeji yangu husema hivyo. Tunamngoja tangu Krismasi."

Nilicheka. Saa zake sikuzijua.

Baadhi ya siku, kufikia saa sita mchana, mashine ilikataa kufungua kadi yoyote mpaka izimwe na kuwashwa upya, wagonjwa wakinung'unika benchini. Niliomba tuongezewe memori. Ikaletwa, na mashine ikazidi kukwama. Ni wewe uliyeona: "Mbona tangu ishibe ndiyo imeharibika zaidi?"

Daktari mwenye zahanati alipotuita, nilisema karani anaacha kadi wazi.

"Mimi nafunga kila moja, Jaduong'. Si unaniona?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimefukuzwa na mapigano kwetu karibu na Ogwedhi, sina shamba la kurudia. Nilijiambia kwamba nyinyi wa Ndhiwa mna shamba. Uliondoka siku hiyohiyo, mwavuli kwapani.

Wiki iliyofuata nilielewa. Mfagiaji huja memori inapopungua, si faili zinapojaa. Memori ikiwa tele, hana haraka. Kila kadi uliyoifunga kwenye skrini, faili yake ilibaki wazi ndani ikingoja lile agizo langu la mwisho, mpaka mashine ikafikia kikomo cha faili inazoweza kushika. Niliongeza mistari miwili ya kufunga kila faili papo hapo. Haikukwama tena.

Daktari akasema, "Unaona? Shida ilikuwa yule mama."

Nami nikakubali kwa kichwa.

Mwaka huu nilifika Ndhiwa kukutafuta, nikiwa nimechelewa mno. Binti yako aliniletea kiti na maji, akanionyesha kaburi lako. Hakujua mimi ni nani. "Mama aliachishwa kazi kwa kusahau kufunga vitu," alisema. "Tukitoka nyumbani, alikuwa akirudi mara tatu kuhakikisha amefunga mlango. Alikuwa akisema pengine kweli anasahau."

Nilimaliza maji yake, nikaaga, nikaondoka bila kumwambia. Ndiyo sababu naandika hadharani, mahali atakaposoma yeye na majirani wote waliosikia. Hukusahau, Nyar Ndhiwa. Hata kadi moja.

Lala sasa.

Ni mimi, uliyeniita Jaduong', niliyekusingizia.