Samaki Ninayemficha Kwenye Uji wa Mama

Mpendwa mshauri, Mama Bernadette, naomba msaada, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikaripia. Mama yangu ana uvimbe kwenye titi, dokta wa hapa Kindu alishakubali kumpasua, sote tukafurahi, basi kaka yangu, nimwite Mardochée, akaja kutoka Lubutu akasema amesikia redioni kwamba wataalamu wa ng'ambo wanatengeneza chembe hai zinazouzuia uvimbe kuota mishipa ya damu, ukikosa damu unakosa chakula, unanyauka, na papo hapo akaamua kwamba chembe hizo hatuna lakini njaa tunaijua. Unaikumbuka vita, mji ulivyozingirwa, mashamba hayafikiki, watu wakaanguka bila kupigwa risasi. "Tutaifungia barabara," alimwambia mama, "njala njo itaiua." Mama akapiga makofi! "Funga, mutoto yangu. Mimi nilishazoea njala, hii kitu haijazoea."

Tangu hapo mawese marufuku, maharagi, nyama, samaki, hata sombe, majani ya muhogo, eti vinaongeza damu na damu inaulisha uvimbe. Mama anakunywa uji mweupe na kusali, amekonda, akisimama anaona kizunguzungu, dokta akapima akasema damu imepungua mno, hatampasua hadi ipande, na Mardochée akashangilia kwamba dawa inafanya kazi! Basi mimi nasaga samaki mkavu namkoroga kwenye uji, mama akiuliza nasema harufu ni ya sufuria, ananishukuru na roho inaniuma. Niendelee kumficha, au niseme nionekane ninaulisha ugonjwa unaomuua?

Mpishi wa Siri, mtaa wa Kasuku, Kindu

Pole sana, mwanangu. Umesaga samaki kwa mapenzi, na hilo nakupongeza. Lakini kijiko cha siri hakitoshi kumrudishia mtu damu, na uongo wa jikoni haudumu. Uache leo.

Kaka yako alisikia vizuri akaelewa vibaya. Chembe hizo zinatengenezwa ziende kwenye vijia vya damu vya uvimbe tu, zivizibe hivyo, mwili wenyewe uendelee kula. Tena bado zinajaribiwa. Hapa kwetu hazipo, msizingojee. Yeye amefunga barabara ya mji mzima! Muulize mama yako, Mardochée akiwa amekaa hapo, mji ulipofungwa ni nani waliokufa kwanza. Nilikuwepo, najibu mwenyewe: watoto na wazee. Wenye bunduki walikula mpaka siku ya mwisho, wakitunyang'anya sisi. Na ndani ya mwili wa mama yako, mwenye bunduki ni uvimbe.

Kwa hiyo pika sombe, tia mawese na samaki, weka mezani mchana kweupe. Mwambie mama habari yote ya uji. Atakasirika, mwache akasirike huku anakula. Juma hili hili nendeni wote watatu kwa dokta, kaka yako amuulize kwa mdomo wake, na ombeni dawa ya kuongeza damu. Huyo Mardochée anayependa sana habari za damu naye apimwe, aone kama anaweza kumtolea mama yake. Damu ikipanda, mama apasuliwe, msizungushe tena.

Akisukuma sahani, usibishane. Irudishe mbele yake umwambie: "Mama, wakati ya vita ulitulisha sisi mbele. Sasa njo zamu yako. Kula."