Maji Kutoka Upande wa Nyumbani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Nasikia bado unanyanyua ngozi mbichi mwenyewe, na vijana wa kazi wapo, na Mama anakugombeza bure. Mimi mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Naandika haraka kwa sababu dereva wetu, tunayemwita Breki kwa kuwa hajui kuzitumia, anaisubiri barua hii nje akuletee leo hii, na gari linanguruma. Nakuomba uketi, na uisome yote kabla hujakasirika. Nakujua, simu ungeikata.

Bila shaka mmesikia redioni kwamba mji huku umefungiwa maji. Samaki walielea pale tunapovutia maji, kisha watu wakaanza kutokwa na vidonda mwilini. Bosi aliniita akanikabidhi Breki na sanduku la chupa, akasema nipande na mto hadi nimjue anayeuchafua, na nisirudi na stori. Nilifurahi, Baba. Tangu niingie idara ya maji hawajawahi kuniamini na kazi kubwa kiasi hicho.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mto huu unaofika huku ukiwa mpana umeungwa na vijito vinavyoshuka huko kwenu milimani. Kila panapokutana viwili unapima huku na huku. Chenye sumu unakifuata, kilicho safi unakiacha. Kwenye makutano ya kwanza niliapa kwamba ni upande wa kulia, wenye mashamba makubwa na dawa zao za kunyunyizia. Ukatoka safi. Sumu ilikuwa kushoto. Breki akanitania kwamba natafuta njia ya kwenda nyumbani kula bure, nami nikacheka.

Makutano ya pili sikucheka. Kulia kuna machimbo ya kokoto, na Mungu anisamehe, niliwaombea wale watu wawe ndio wenye kosa. Maji yao yalikuwa na vumbi la mawe tu. Sumu ilitoka kushoto tena, na kali zaidi. Nikapima upya, nikamwambia Breki kifaa kimeharibika. Akaniuliza kama nataka turudi. Nilitaka. Ila chini ya daraja kulikuwa na mama mmoja anajaza ndoo, nikamkataza, naye akaniuliza basi akachote wapi. Nikarudi garini, tukaendelea.

Makutano ya mwisho ni pale uliponifundisha kuogelea. Nilichovya chupa roho mkononi. Ni dawa ya kulainishia ngozi, Baba, na kijito kile kinapita kiwanda kimoja tu.

Bado sikukubali. Nilijiambia umetengeneza ngozi tangu sijazaliwa, na mji haujawahi kuugua. Maji yako machafu yalikuwa yakimwagika kwenye kile kinamasi nyuma ya nyumba, yanatulia humo, matete na tope vinashika uchafu, na kinachotoka upande wa pili kinaingia kijitoni karibu safi. Sisi tulikiita shamba la mbu, kumbe ndicho kilichotusitiri. Nikazunguka nyuma kukitazama, nanyi mkiwa ndani. Nisamehe kwa kutobisha hodi. Hakipo. Kuna mfereji ulionyooka kutoka kiwandani hadi kijitoni, ardhi imekaushwa na kusawazishwa, na mawe ya mipaka yameandikwa jina langu.

Kumbe ndicho kiwanja ulichonipa nilipopata kazi. Uliniambia ni pazuri, karibu na wazazi. Nilishangilia kwenye simu wala sikuuliza umekipata wapi.

Sasa nikuambie nililofanya. Chupa za mwisho nilizificha mkobani, Breki akaona, akawasha gari. Ningeweza kuwasingizia wenye kokoto, na nani angebisha? Nilipofika mbele ya bosi nilizitoa nikazipanga mezani, nikamweleza yote, na kwamba wewe ni baba yangu. Alizitazama chupa moja moja. Kisha akasema wakaguzi watapanda kesho na hawezi kuwazuia, lakini kumwandikia mzazi hakujakatazwa. Watakifunga kiwanda, Baba. Kimenisomesha, na anayekifunga ni mimi. Nimelia hadi macho yamevimba.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba usimamishe kazi sasa hivi, uwachukue vijana mkauzibe mfereji pale kijitoni. Si kuwaficha wakaguzi, watauona tu; ni watu wanaochota mtoni wasinywe ile dawa hata siku moja zaidi. Maji yatarudi nyuma yakizamishe kiwanja chote. Yaacheni. Sijengi.

Mpe Mama salamu zangu, na umsomee wewe mwenyewe, asije akasikia kwa majirani. Wasalimie vijana wote wa kiwandani, ingawa sijui watanitazamaje. Usijisumbue kuniandikia. Nitapima maji hapa mjini kila asubuhi, nitajua umenijibu nini.

Ni mimi, binti yako, ambaye bado natamani uniite mama.