Lebo ya Mapanki

Jumatatu, 4 Machi 1996
Miezi saba tangu nitoke kwetu Kasulu, kwa Waha. Zamu ya asubuhi kiwandani, kupakia minofu ya sangara. Vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Jioni kwa Mwalimu Kamugisha, tumepanga nyumba moja hapa Mkolani. Anaandika utafiti juu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda, na kina mama wanaoikaanga Igogo. Mimi ndiye niliyempeleka kwao, nikaandika majibu yao kwenye madaftari. Niliishia darasa la tano ila mwandiko wangu unasomeka. Kimebaki kichwa cha utafiti tu.

Jumanne, 5 Machi
Amechagua. "Uchafu wa Mapanki Igogo." Anasema ni kifupi, kinashtua, wakubwa wa mji watamsikiliza Ijumaa akiusoma. Nimekasirika. Wakisikia uchafu, bwana afya atavunja meza za kina mama. Mmoja wao, Mama Sabina, ndiye aliyenilisha nilipofika sina kazi. Alijibu maswali kwa sababu yangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia kichwa ni kama lebo ya katoni. Desemba nilibandika lebo ya minofu kwenye katoni za mikia. Mzigo wote ulirudi, nikasimamishwa wiki nzima. Alicheka. "Wewe Mha, umekuwa profesa lini?" Sikucheka. Siachi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepitia madaftari yote. Maswali kumi na mawili. Wananunua wapi, nani anakula, watoto wangapi wanasoma kwa kazi hii. La uchafu hakuna hata moja. Nikamwekea mezani. Alisoma muda mrefu, akafuta. Akaandika "Chakula cha Wanyonge wa Ziwa Victoria." Nikamwambia ziwa zima hatukwenda. Na wanaokula si wanyonge tu, yeye mwenyewe anakula. Akafuta tena.

Ijumaa, 8 Machi
"Mapanki: Kazi na Chakula cha Kina Mama Wakaangaji wa Igogo." Ndicho tulichofikia. Kirefu, hakishtui mtu. Amekisoma hivyo hivyo. Anasema bwana afya aliuliza wanatumia mafuta gani, akaandika, basi.

Jumapili, 10 Machi
Igogo. Meza zipo. Nilimsomea Mama Sabina kichwa. "Na jina langu liko wapi, Mha?" Akanipa panki lenye nyama.
Mwalimu amenipa nakala. Mama yangu hajui kusoma. Nitamsomea mstari ule wa juu tu, atajua huku nilikuwa nakula nini na kwa nani. Narudi nyumbani Kasulu baada ya Pasaka.